Mashine za Milango Miwili

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini kabla kichwa changu hakijaanza kuvuja. Haya, naandika. Lakini msitegemee maneno ya mzee aliyeridhika. Nimestaafu nikiwa na mgongo unaouma kiasi, masikio mazima, na wivu ambao hakuna daktari wa mji huu aliyeweza kuniandikia dawa yake. Mke wangu Mwajuma husema wivu wangu ungekuwa sabuni, tungefua Stockholm nzima na nyingine ingebaki. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nianze na ukuta, maana ninyi mnafanya kazi kando yake kila siku na mmeshaacha kuuona. Mimi siku yangu ya kwanza sikuona kingine. Nilidhani kiwanda cha kufulia ni mabeseni makubwa na mvuke. Nikakuta jengo refu limekatwa katikati na ukuta, na ndani ya ukuta zimepangwa mashine, kila moja ina milango miwili. Mlango mmoja unatazama upande mchafu, ambako mashuka ya hospitali huingia yakiwa kwenye mifuko. Mlango wa pili unatazama upande safi. Ukifunguka huu, ule umejifunga; hata uilazimishe vipi, haifunguki yote kwa pamoja. Shuka linaingia huku na madoa yake, linatokea kule jeupe kama halijawahi kulaliwa na mgonjwa. Na mtu akitaka kwenda kule lazima avue nguo zote, aoge, avae sare ya kule. Yetu kijani, yao bluu. Kutoka kule kuja kwetu hakuna anayekuzuia, unasukuma mlango unapita. Kurudi ndiko kwenye maji.

"Ni usafi tu," aliniambia msimamizi wetu, Gunilla, mama wa Kiswidi mwenye sauti ya chini. Na ni kweli, ni usafi. Vijidudu vya hospitali si mzaha. Ndiyo maana ukuta ule ulikuwa mgumu kuulalamikia: haukuwa uongo. Lakini katikati palikuwa na dirisha dogo la kioo, na siku ile nilichungulia. Upande wetu nilikuwapo mimi Mrundi, Wakongo wawili, Msomali, Mwiraki, na mama mmoja wa Chile aliyesukuma mikokoteni kutushinda sote. Upande wa pili niliona nywele za rangi ya nyasi kavu, kichwa hadi kichwa. Nikajiuliza ni nani aliyetuchambua na sisi kabla hatujafika kwenye meza ya kuchambulia mashuka.

Aliyenifundisha kazi ni Pentti, Mfini, ambaye ndiye aliyesimamia mangeli, ile mashine kubwa ya kupiga pasi kule upande safi. Mashine za ukutani nazo zikigoma aliitwa yeye, kwa hiyo alikuwa mtu pekee aliyefanya kazi pande zote mbili, na kwa siku moja alioga mara nyingi kuliko bata. Maneno yake yalikuwa machache, kana kwamba ameyaazima na atatakiwa kuyarudisha.

"Usitumie macho," aliniambia. "Macho yanachelewa. Tumia mikono."

Hilo ndilo somo, na nawaachia kama nilivyoachiwa. Furushi usilikumbatie kifuani hata siku moja, wanaokumbatia ndio wanaochomwa na sindano zilizosahauliwa ndani. Lilaze mezani, lipapase kutoka nje kuja ndani, kisha livute kwa pembe moja lijikunjue lenyewe. Vaa glovu mbili, nyembamba ndani, nene nje, na ile ya nje uibadilishe kabla hujaona tundu. Kitu kigumu utakisikia vidoleni kabla hujakiona: makasi, miwani, rimoti ya televisheni, meno ya bandia. Kuna wakati meno yalijaa kwenye ndoo, seti kwa seti, yote yanatuchekea, na hakuna aliyepiga simu kuyaulizia. Sijui wenyewe walikuwa wanakula nini.

Sasa lazima niwaambie kilichonifanya nitazame dirishani. Mimi ni mtoto wa dobi. Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, na marehemu baba alikuwa akiwapigia pasi Wabelgiji kwenye nyumba zao za mlimani. Alisimulia jinsi mji ulivyopangwa: Wazungu juu kwenye upepo, Wahindi katikati kwenye maduka, sisi chini kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asubuhi alipanda na mikono yake, jioni akatakiwa awe ameshashuka. Mikono ilihitajika kule juu, mwenye mikono hakuhitajika alale huko. Wakati ule mstari ulichorwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na kofia na unaweza kumwonyesha kwa kidole. Huku nimekaa muda mrefu kuliko baba alivyofanya kazi kule mlimani, na aliyeuchora sijamwona.

Baba alinifundisha pasi ya mkaa. Kola kwanza, mabega, mikono, mgongo mwisho. Maji unanyunyiza kwa mdomo, joto unalipima kwa kidole ulichokilamba. Kwa hiyo nilipochungulia kioo na kuona mangeli, yale magogo ya chuma yanayozunguka na moto ndani yake, watu wawili wameshika pembe za shuka bichi wakililisha, na shuka linatoka ng'ambo limenyooka, moyo wangu ulivuka ukuta bila kuoga. Nilitaka mashine ile. Sikutaka kitu kingine kazini kwa miaka yangu yote zaidi ya ishirini, na mimi si mtu wa kutaka mambo mengi.

Siku moja wakati wa kahawa Pentti alikuja kukaa nasi, jambo ambalo wa bluu hawakulifanya, kwa sababu baadaye lazima uoge. Nikamwuliza amefikaje kule.

"Nilipokuja mimi, upande huu wote ulikuwa Wafini," alisema. "Waswidi walikuwa kule."

"Mkavukaje?"

"Wakaja Wagiriki."

"Na Wagiriki?"

"Wakaja Waturuki. Wakaja Wachile." Akanywa kahawa yake. "Kiwanda kina njaa ya mikono. Anayekuja mwisho anashika kichafu."

Nilifurahi sana. Nikaona kumbe ni foleni tu, nami mtu wa foleni namjua, atafika. Nikangoja wa kuja nyuma yangu. Wakaja kweli, Waeritrea, Waafghani, Wasyria. Wakasimamishwa pembeni yangu, na mimi nikabaki palepale. Mama wa Chile alivuka, Mwiraki akavuka, foleni ikasogea mpaka ilipofika kwenye ngozi yetu, ikapumzika hapo. Mtoto wa Mfini akishaijua lugha hakuna anayemtambua tena. Binti yangu Zena amezaliwa hapa, anasoma chuo kikuu kule Flemingsberg, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi kitupu, na bado watu humwuliza ametoka wapi. Na kila kiangazi waliletwa vijana wa shule wa Kiswidi kushika nafasi za waliokwenda likizo. Hao walivishwa bluu moja kwa moja. Sidhani kama walijua kwamba kijani ipo.

Jioni treni ilimalizia kazi hiyo ya kuchambua. Mnaijua ile njia nyekundu ya kurudi Vårby gård. Watu wamejaa wa kila rangi pale katikati ya jiji, na kila mmoja anashuka kituo chake bila kuambiwa na mtu. Tukipita Mälarhöjden weupe karibu wote wameshashuka, tukifika Skärholmen unaweza kuongea Kiswahili kwa sauti ya nyumbani. Nilizoea kuwahesabu wanaoshuka kama ninavyochambua foronya na taulo. Wale wa Mälarhöjden niliwaonea wivu hata jinsi walivyosahau miavuli yao kwenye viti.

Halafu akaja Wasswa. Wasswa ni Mganda, alikimbia kwao akiwa kijana, akasoma shule huku, mdomo wake wa Kiswidi ulikuwa mwepesi kama wa mtangazaji. Nilimfundisha kila kitu, mafurushi, glovu, ndoo ya meno. Tulikula pamoja chapati za Mwajuma. Nilimpenda, nisiseme uongo. Lakini mtu yule alikuwa hajui pasi kabisa. Shati lake lilikuwa kama limetafunwa na mbuzi akalitema.

Magoti ya Pentti yalipoanza kumsumbua, ikajulikana mangeli inahitaji mtu. Nikajua ni mimi. Kwetu mwanafunzi haombi. Fundi anakutazama kimya kimya, na siku ikifika anasema mbele za watu, huyu sasa ni fundi. Kujiombea mwenyewe ni utovu wa adabu, ni sawa na kwenda kwenye harusi usiyoalikwa ukakaa meza ya mbele. Kwa hiyo nilichofanya ni kuionyesha mikono yangu. Pentti akipita, nilikuwa nimekunja hata mifuko michafu, pembe juu ya pembe.

"Umemwambia?" Mwajuma aliniuliza.

"Haambiwi. Anaona."

"Haya, ngoja aone," alisema, kwa sauti ambayo wenye wake wanaijua.

Wasswa aliingia ofisini kwa Gunilla akasema anataka mangeli. Basi. Alipotoka alikuwa anatafuna andazi la mdalasini alilolichukua mezani kwake. Jumatatu iliyofuata nikachungulia kioo nikamwona ndani ya bluu.

Tulikutana kituoni jioni ile, anacheka. "Banange, Mzee Rajabu, kule kuna joto! Unaweka shuka hivi, inatoka kama karatasi!"

"Pembe unazishika vipi?" nikamwuliza.

"Pembe gani?"

Nusura nikae chini pale pale kituoni.

Tangu siku ile nikawa na maradhi. Nililala na kijicho nikaamka nacho. Mikokoteni ikichelewa, wenzangu walikwenda kunyoosha mgongo, mimi nilikwenda dirishani. Wasswa alilisha shuka upande, likatoka na mkunjo ulioinama kushoto. Shuka lile lilikwenda hospitali, likalaliwa, likarudi kwangu chafu, na mkunjo wake niliutambua bado. Nikawaonyesha wenzangu: tazameni, mkono wa Wasswa. Wakachoka na mimi. Kisha, kidogo kidogo, mikunjo ikaanza kunyooka. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Alipokuwa mbovu nilikuwa na faraja yangu. Alipojua kazi nilibaki mtupu, na siku za joto alipokuwa akitoa jasho mbele ya yale magogo, niliuonea wivu hata utosi wake uliolowa.

Pentti alipostaafu nilikwenda kumtembelea Hagsätra, mwisho wa njia ya kijani, nikiwa na swali moja. Akaweka kahawa. Tukatazama nje. Akaongeza kahawa.

"Kwa nini Wasswa?" nikauliza.

"Aliomba."

"Na mimi?"

"Hukuomba."

"Nilikuwa nangoja uniite."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Na mimi nilingoja useme. Gunilla alisema wewe ndiwe mkono bora upande ule, ukitoka nani atabaki. Ungesema, ningebishana naye. Sibishani kwa ajili ya mtu aliyenyamaza."

Nilirudi na treni nikiyatafuna maneno hayo, hayakulainika. Ni kweli sikuomba. Lakini wale vijana wa kiangazi waliomba lini? Nani alibishana kwa ajili yao? Wasswa alihitaji mdomo ili avuke, wao hawakuhitaji hata mdomo. Kwa hiyo kama mlidhani kahawa ya Pentti iliniponya, imeniongezea tu. Nilikuwa na wivu mmoja, nikashuka Vårby gård nikiwa na miwili.

Na nilikwenda kuomba, msidhani nimekaa tu. Gunilla alinisikiliza vizuri, akaniwekea andazi. "Rajabu, kwa umri wako," alisema, "kuanza mafunzo sasa, na umebakiza muda mfupi?" Alisema kwa huruma. Niliacha andazi lake pale pale.

Katika muda huo mfupi uliobaki ndipo alipokuja Furaha. Mnamjua, lakini anayesoma bila kumjua aambiwe kwamba ni mama kijana wa Bukavu, anaongea Kiswahili cha kwao na Kifaransa kidogo pembeni, na mikono yake husikia makasi kupitia mfuko ambao haujafunguliwa. Sikumfundisha zaidi ya wiki. Niliuonea wivu mkono wake pia, maana wangu ulichukua miaka. Mikokoteni ikichelewa, alikwenda kusimama dirishani. Alisimama palepale niliposimama mimi, hata sakafu pale imelika.

Siku yangu ya mwisho Gunilla akaja na desturi ya kiwanda, ile keki ya kuaga, ya kijani kama sare yetu, na ua la waridi juu. Keki huliwa kwenye chumba cha mapumziko cha upande wako. Lakini aliuliza, kwa heshima, "Ungependa iwe upande gani?"

"Kule," nikasema kabla hajafunga mdomo.

Nikavua, nikaoga, nikavaa bluu. Ilinikaa vizuri, nilikasirika jinsi ilivyonikaa vizuri. Wasswa alinipokea mlangoni, mvi zimemjaa, akanishika mkono kama bibi harusi akanipeleka kwenye mangeli. Alinipa pembe mbili, yeye akashika mbili. Nikavuta mpaka nikasikia uzi umesimama sawa, nikalisha. Harufu ya pamba inayopata moto ni ileile, iwe ya mkaa au ya umeme, na baba alisimama pale nami kwa muda wa shuka moja. Likatoka limenyooka kama limechorwa.

"Kumbe, Mzee," Wasswa alisema taratibu. "Kumbe."

Ningemjibu, ningelia au ningempiga.

Wakakata keki palepale karibu na mangeli. Wa bluu walikuwa wema, wakaniuliza nitafanya nini na muda wangu, nikasema nitavua samaki, ingawa sijawahi. Nikainua kijiko, na macho yangu yakaenda dirishani. Furaha alikuwa pale. Nyuma yake ninyi nyote, mnakumbuka, mmesimama na glovu zenu, zamu haijaisha na hakuna aliyewaletea kipande. Hakuwa anaitazama keki. Alikuwa ananitazama mimi ndani ya bluu, na jicho lile nalijua, nimelivaa miaka yote ile. Nitasema kweli: kwanza nilifurahi. Mtu mmoja duniani alikuwa ananionea wivu mimi, Rajabu. Nilikula kijiko kimoja kwa furaha hiyo. Cha pili nilikirudisha kwenye sahani.

Nikaibeba keki yote na sahani yake nikaelekea mlango wa kwetu.

"Rajabu, ukipita huko itabidi uoge tena ili urudi," Gunilla alisema.

"Mimi sirudi," nikasema.

Wasswa akaja nyuma yangu na visu na vijiko, akiwa na bluu yake, akijua maji yanamngoja. Gunilla naye akaja. Nikaiweka keki kwenye meza safi ya kahawa, nikamshika Furaha bega, nikasema kwa Kiswidi changu cha kuvunjika-vunjika, kwa sauti ili kila mtu asikie, vile ambavyo mimi sikuwahi kusemewa: huyu ni fundi, mikono yake ni bora kuliko yangu, apelekwe kwenye mangeli.

Furaha aliingiwa na haya. "Papa, lakini miye sijaomba!"

"Najua. Nimekuombea."

"Tutaona," alisema Gunilla. Ile tutaona ya Kiswidi mnaijua, ni hapana iliyovaa koti. Na akaongeza, "Ukweli ni kwamba upande huu ndio unaomhitaji. Mikono kama hiyo—"

"Hayo nimeshayasikia," nikasema. "Yalisemwa juu yangu, na mnaona nilivyozeeka nayo." Nikavuta kiti nikakaa mbele ya meza ya kuchambulia. "Nitangoja hapa. Mimi sasa mstaafu, sina ninapowahi."

Gunilla alinitazama, akatazama kioo, akatazama keki. Wasswa alikuwa anamkatia Mwafghani kipande. "Nitamfundisha mimi," alisema bila kuinua kichwa. "Nilifundishwa na huyu mzee, ataweza." Mwishowe Gunilla alisema Jumatatu ajaribu, wiki mbili, halafu tuone, na safari hii tuone yake ilikuwa ya kawaida.

Jumatatu nilikuwa nyumbani, sijui pa kuiweka mikono. Mchana simu ikalia. Furaha ametuma picha: yeye ndani ya bluu, mbele ya mangeli, anacheka, shuka limetoka nusu. Mwajuma akaja kuchungulia begani kwangu.

"Mashallah, imempendeza. Umefanya jambo jema, Baba Zena."

"Ndiyo," nikasema. Nikaikuza picha kwa vidole nizione pembe za shuka. Zilikuwa zimenyooka.

"Sasa umenuna nini?"

"Hajamaliza hata mwaka kazini," nikasema.